Radiohead haikugawa albamu bure, na wimbo hauna mwenyewe mmoja

Agosti 2025 wimbo uliotoka mwaka 1997 uliingia kwa mara ya kwanza kwenye chati ya Billboard Hot 100 ya Marekani. Unaitwa Let Down, wa bendi ya Uingereza iitwayo Radiohead. Ulisambaa kupitia video fupi za TikTok, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka wakaanza kuulizana kama hii ni bendi mpya. Waliojibu walileta majibu ya kila aina. Eti ndiyo bendi iliyogawa albamu bure. Eti wimbo wao maarufu kuliko yote waliuiba. Eti ni wa roki mbadala, kwa hiyo hawakuwahi kuwa na lebo kubwa. Eti walishavunjika zamani.

Karibu yote hayo yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayopotosha. Nimeipenda bendi hii kwa miaka mingi, na nimegundua kuwa mtu akielewa jambo moja tu, safari yao nzima inafunguka: nani anamiliki nini katika muziki. Swali hilo tunalijua hata huku kwetu. Kila msanii wa Bongo Fleva anapoondoka kwenye lebo, mitandaoni watu hubishana usiku kucha kama nyimbo zake anaondoka nazo au anaziacha. Radiohead ni mfano mzuri wa kujibia, kwa sababu wamepita pande zote za swali hilo.

Tuanze na watu wenyewe. Ni watano, na walikutana wakiwa wanafunzi katika shule ya wavulana ya Abingdon, karibu na Oxford. Thom Yorke anaimba, na anapiga gitaa na piano. Ed O'Brien anapiga gitaa, Colin Greenwood besi, Philip Selway ngoma, na mdogo wake Colin, Jonny, anapiga gitaa na karibu kila chombo kingine kitakachowekwa mbele yake. Bendi ilianza mwaka 1985 ikiitwa On a Friday, kwa kuwa siku yao ya mazoezi ilikuwa Ijumaa. Tangu walipotoa rekodi ya kwanza hajatoka mtu, hajaingia mtu. Walipokwenda vyuo vikuu vya miji tofauti hawakuivunja, walikutana likizo na kuendelea.

Sasa hilo neno "mbadala". Katika miaka ya 1980 lilieleza mahali muziki unapotoka kuliko jinsi unavyosikika. Kulikuwa na bendi za magitaa ambazo redio kubwa hazikuzipiga, zikirekodiwa na lebo ndogo na kuchezwa na redio za wanafunzi. Hizo ndizo zilikuwa mbadala wa muziki uliotawala. Nirvana, bendi ya Marekani ya namna hiyo, ilipovuma mwaka 1991, kampuni kubwa zilikimbilia bendi za namna hiyo kwa mikataba, na neno likabaki kama kibao juu ya rafu dukani. Ni kama maneno "kuku wa kienyeji" kwenye menyu: mwanzo yalieleza kuku alivyolelewa, baadaye yakawa jina la chakula. Radiohead iliingia wakati huo huo wa mbio. Mwishoni mwa 1991 ilisaini na EMI, moja ya kampuni kubwa kabisa za muziki duniani, chini ya lebo yake ya Parlophone, ile ile iliyotoa rekodi za Beatles. EMI ndiyo iliyotaka jina la On a Friday libadilishwe, nao wakachukua jina jipya kutoka wimbo wa bendi ya Talking Heads. Kwa hiyo hapana, hawakuwa maskini wa Mungu wasio na lebo. Walikuwa ndani ya jumba kubwa tangu albamu ya kwanza.

Mkataba ule ulikuwa wa albamu 6. Ishike hiyo namba.

Mkataba wa lebo hufanya kazi hivi. Lebo inatoa malipo ya awali, inagharamia studio, inatangaza na kusambaza. Malipo ya awali si zawadi. Mkulima wa Pemba anayeuza karafuu zikiwa bado mtini ataelewa upesi: leo ana pesa mkononi, lakini mavuno yakija, aliyelipa ndiye anayeanza kuchukua. Msanii naye huanza kuona mirabaha, yaani mgawo wake wa mapato, baada ya lebo kujirudishia ilichotoa. Na katika mikataba ya zama zile, kwa kawaida lebo iliyolipia studio ndiyo iliyobaki na masta, yaani rekodi asili ambayo kaseti, CD na mafaili yote hunakiliwa kutoka kwayo.

Lakini masta si wimbo wote. Hapa mpenzi wa taarab anatangulia wenzake, maana anajua tangu utotoni kwamba shairi lina mtunzi wake, muziki una aliyeutia, na anayeimba ni mtu mwingine. Sheria ya muziki nayo hutenganisha vitu viwili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, ambao huwa na watunzi na kampuni inayowasimamia. Halafu kuna rekodi, sauti ile iliyonaswa studio siku fulani. Kikundi kingine kikiimba upya shairi la zamani, kinahitaji ruhusa ya upande wa utunzi. Mtu akichukua sauti yenyewe iliyorekodiwa akaitia kwenye tangazo, anahitaji pande zote mbili.

Ukishalielewa hilo, shauri la Creep linanyooka. Creep ilitoka Septemba 1992 na haikufika popote. Redio 1 ya BBC iliuona wimbo unahuzunisha mno. Ulipata nguvu kwanza Israel, kisha redio za Marekani, na ulipotolewa tena Uingereza mwaka 1993 ukafika namba 7. Ule mkwaruzo mkali wa gitaa kabla ya kiitikio ni wa Jonny, ambaye hakuupenda upole wa wimbo akaamua kuuchafua. Mpaka leo kila nikiusikia naona mkwaruzo ule ndio wimbo wenyewe.

Tatizo likawa kwamba sehemu ya melodi na mpangilio wa kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ulifanana na The Air That I Breathe, wimbo wa Albert Hammond na Mike Hazlewood uliovuma mwaka 1974 kwa sauti za The Hollies. Suala likamalizika kwa watunzi hao wawili kutambuliwa na kupewa sehemu ya mapato. Mpaka leo majina yao yamo katika utunzi wa Creep pamoja na Radiohead. Kwa hiyo anayesema "waliuiba" anakosea, na anayesema "ni wao peke yao" anakosea pia. Rekodi ni moja, lakini utunzi una wenyewe wa pande mbili. Na gurudumu halikuishia hapo. Januari 2018 mwimbaji wa Marekani Lana Del Rey alisema Radiohead wanamshitaki kwa madai kwamba wimbo wake unafanana na Creep. Warner Chappell, kampuni inayosimamia utunzi wa bendi, ikajibu kwamba hakuna kesi iliyofunguliwa, ila ni kweli kulikuwa na mazungumzo ya kutaka watunzi wote wa Creep watambuliwe. Madai na kesi si kitu kimoja, ingawa habari za mitandaoni ziliyachanganya kwa wiki nzima.

Pablo Honey, albamu yenye Creep, ilikuwa ya kwanza kati ya zile 6. The Bends ya 1995 ikafuata, albamu ya magitaa iliyowaondolea sifa ya bendi ya wimbo mmoja. Ya tatu, OK Computer, walirekodi sehemu kubwa ndani ya jumba la kale karibu na mji wa Bath, mali ya mwigizaji Jane Seymour, wakitumia kumbi zake kama studio. Waliposikia kazi yenyewe, watu wa lebo Marekani walipunguza matarajio ya mauzo: singo ya kwanza ilizidi dakika 6 na haikuwa na kiitikio cha kuimbika. Albamu ikashika namba 1 Uingereza, ikachukua Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala, na baadaye Maktaba ya Bunge la Marekani ikaihifadhi kati ya rekodi za kudumu. Let Down imo humo.

Baada ya hapo lebo yoyote ingetaka OK Computer ya pili. Yorke alikuwa amechoka hadi maneno kumkauka. Walirekodi Paris, Copenhagen na kwao Oxford, wakaweka magitaa pembeni, na kuna wakati baadhi yao hawakujua wapige nini. Jonny alileta ondes Martenot, chombo cha umeme cha Kifaransa cha mwaka 1928 kinacholia kama mtu anayeomboleza kwa mbali. Kid A ilitoka Oktoba 2000 bila singo hata moja, na ikiwa imekwisha kuvuja kwenye Napster, huduma ya kubadilishana mafaili ya muziki mtandaoni, wiki kadhaa kabla. Ikashika namba 1 Uingereza na Marekani kwa pamoja.

Watu wengi hueleza hayo kama ushujaa tu. Ushujaa ulikuwepo, lakini lebo ilikuwa imeshaona kwamba kuwazuia hakuna faida, na mauzo ya albamu mbili zilizotangulia yalikuwa yamewanunulia uhuru huo. Na hata ndani ya uhuru ule, mambo ya umiliki yalifuatwa kwa uangalifu. Wimbo wa Idioteque umejengwa juu ya kipande kifupi cha muziki wa kompyuta ambacho Paul Lansky, aliyekuja kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alikitengeneza mwaka 1973. Jonny alikikuta kwenye santuri ya zamani. Bendi ikamwomba ruhusa, akatoa, na jina lake limeandikwa kwenye utunzi. Kipande chenyewe ni kodi nne tu, lakini mwenyewe aliulizwa.

Amnesiac ilifuata mwaka 2001, Hail to the Thief mwaka 2003. Hesabu: Pablo Honey, The Bends, OK Computer, Kid A, Amnesiac, Hail to the Thief. Sita. Mkataba ukaisha.

Mwaka 2007 EMI yenyewe ilinunuliwa na Terra Firma, kampuni ya wawekezaji. Mazungumzo ya mkataba mpya na Radiohead yakavunjika. Bendi ilitaka kauli juu ya rekodi zake za zamani, upande wa EMI ukasema wanadai pesa nyingi mno, Yorke akakanusha hadharani. Kisha tarehe 1 Oktoba 2007 Jonny akaandika mtandaoni maneno machache: albamu mpya imekwisha, inatoka baada ya siku 10.

Hiyo ndiyo In Rainbows. Kwenye tovuti ya bendi, palipotakiwa kuwa na bei palikuwa na nafasi tupu. Ukibofya unaambiwa ni juu yako. Ukibofya tena unaambiwa kweli, ni juu yako. Kikomo cha juu kilikuwa chini kidogo ya pauni 100, cha chini kilikuwa sifuri.

Nimetafuta mfano wa karibu, na naona ni kutuza kwenye taarab. Mwimbaji anaimba, mama mmoja anainuka na khanga yake, anatembea taratibu hadi jukwaani, anatoa noti kwa kiasi anachotaka mwenyewe. Hakuna bei. Ila kuna tofauti moja kubwa. Anayetuza anatuza mbele ya macho ya ukumbi mzima, na macho hayo ni sehemu ya sababu ya kuinuka. Aliyepakua In Rainbows alikuwa peke yake na kompyuta yake, hakuna aliyemwona akiandika sifuri, hakuna aliyemwona akiandika 10. Wengi waliandika sifuri. Na wengine, ingawa waliruhusiwa kuichukua bila senti, bado waliipakua kwenye tovuti za kubadilishana mafaili walizozizoea. Wengi wengine walilipa.

Basi ilikuwa bure? Kwa aliyetaka, yale mafaili yalikuwa bure. Lakini tazama yalikuwa mafaili gani: MP3 za kilobiti 160 kwa sekunde, chini ya ubora wa CD. Pembeni yake palikuwa na boksi la pauni 40, lenye santuri mbili, CD mbili, nyimbo za ziada na kazi za sanaa. Na mlango ule wa lipa unachotaka ulifungwa Desemba. Mwisho wa mwezi huo huo CD ikaingia madukani kwa bei ya kawaida kupitia XL, lebo huru ya London, ikashika namba 1 Uingereza na Marekani ingawa kila mtu alikuwa ameshapata nafasi ya kuwa nayo. Mameneja wao walisema tangu mwanzo kwamba wasingefanya hivyo kama wasingeamini watu wakiisikia watataka kuinunua. Mwaka mmoja baadaye Warner Chappell ilieleza kuwa nakala milioni 3 zilikuwa zimeuzwa kwa njia zote, zikiwemo CD milioni 1.75 na maboksi 100,000. Piga hesabu ya maboksi peke yake: pauni milioni 4 kabla ya gharama. Warner Chappell ilisema pia kwamba kabla CD haijafika madukani, In Rainbows ilikuwa imeiingizia bendi zaidi ya Hail to the Thief yote.

Sababu yake ni masta. Safari hii walilipia studio wenyewe, rekodi ikabaki yao, na XL ilipewa ruhusa ya kuisambaza, haikuuziwa. Pauni 3 za msikilizaji zilipita mikono michache sana kabla ya kuwafikia. Chini ya mkataba wa zamani, hata pauni 10 ya CD ingekuwa imeshagawanywa mara nyingi.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana mwezi ule ule. Desemba 2007 EMI ilitoa boksi la albamu zao za zamani bila bendi kushiriki, na mwaka 2008 ikatoa mkusanyo wa nyimbo bora, nao bila wao. Mashabiki waliona ni kisasi. Kisheria hakukuwa na la kushangaza. Masta zilikuwa za EMI, na mwenye masta hahitaji kupiga hodi. Hili ndilo jibu kwa wale wanaobishana kuhusu wasanii wetu: ukitaka kujua kama mtu ameondoka na nyimbo zake, usitazame ugomvi wake na bosi wake, tazama karatasi inasema masta ni za nani.

Dhana nyingine iliyotapakaa wakati ule ni kwamba sasa kila msanii anaweza kufanya hivyo. Sikubaliani nayo. Kim Gordon wa bendi ya Marekani ya Sonic Youth alilalamika kwamba hatua ile iliwafanya wasanii wadogo waonekane wabaya kwa kutaka kulipwa, na nadhani alikuwa na hoja. Radiohead walikuwa na miaka 12 ya fedha za lebo nyuma yao, ziara za dunia nzima, na mamilioni ya watu waliokuwa wakisubiri neno moja kutoka kwao. Kijana anayerekodi chumbani Mbagala akiacha bei wazi, hapungukiwi na uhuru, anapungukiwa na wasikilizaji. Radiohead wenyewe hawakurudia. The King of Limbs ya 2011 iliuzwa kwenye tovuti yao kwa bei iliyowekwa, pauni 6 kwa MP3.

Walichokirudia ni umiliki. Kila albamu tangu hapo ilipata kampuni yake ndogo ya kuimiliki, na jina lake likachapwa kwenye rekodi: Xurbia Xendless kwa In Rainbows, Ticker Tape kwa The King of Limbs, LLLP kwa A Moon Shaped Pool ya 2016. Masta za zamani nazo zilipita safari ndefu. EMI ilizama kwenye madeni, benki ya Citigroup ikaichukua mwaka 2011, Universal ikanunua upande wake wa rekodi, wasimamizi wa ushindani wa Ulaya wakailazimisha iuze Parlophone, Warner ikainunua mwaka 2013, na mwaka 2016 katalogi ya Radiohead ikahamia XL. Ni kama nyumba inayouzwa mara nne wakati fundi aliyeijenga anatazama kutoka ng'ambo ya barabara. Mara ya mwisho ikaangukia mikononi mwa jirani anayemfahamu.

Mwaka 2019 wakapata nafasi nyingine ya kuonyesha walichojifunza. Jonny alieleza kuwa kumbukumbu za Yorke za wakati wa OK Computer, saa 18 za rekodi, ziliibwa na inasemekana ikadaiwa dola 150,000 ili zisivujishwe. Hawakulipa. Waliziweka mtandaoni wenyewe kwa pauni 18 kwa siku 18, mapato yakaenda kwa harakati za mazingira za Extinction Rebellion. Unaweza kuiba rekodi, lakini haki ya kuiuza inabaki kwa mwenyewe.

Limebaki la kuvunjika. Baada ya 2018 hawakupanda jukwaani pamoja kwa miaka 7. Yorke na Jonny walianzisha The Smile na mpiga ngoma Tom Skinner, wakatoa albamu tatu. Jonny aliandika muziki wa filamu, Colin akapiga besi kwenye ziara za mwimbaji Nick Cave, Selway na O'Brien wakatoa kazi zao. Hakuna aliyetangaza kuondoka. Nadhani sababu mojawapo imejificha ndani ya utunzi: nyimbo zao huandikwa kwa jina la Radiohead, si la Yorke peke yake. Bendi nyingi zimekufa siku mpiga ngoma alipogundua kwamba mirabaha ya utunzi inakwenda kwa mtu mmoja.

Machi 2025 mashabiki wakagundua kampuni mpya imesajiliwa Uingereza kwa majina ya wote watano, RHEUK25. Waliojua historia ya zile kampuni ndogo walielewa mara moja kwamba kuna kitu kinapikwa. Septemba zikatangazwa shoo 20 Ulaya, nne katika kila mji: Madrid, Bologna, London, Copenhagen na Berlin. Usiku wa kwanza Madrid, tarehe 4 Novemba, jukwaa likiwa katikati ya ukumbi na watu wameizunguka bendi pande zote, wimbo waliofungulia ulikuwa Let Down.